Haidrojeni Hutokea Mlango Upi? Uchambuzi wa Sumu za Vichocheo katika Mabirika ya Katanga

Maji yapitayo Kinkondja yamekwisha kufanya kazi kabla ya kufika hapo. Mto Lualaba, kabla haujateremka hadi Bukama na kutandaa katika mabwawa na maziwa ya bonde la Kamalondo, huzungusha mashine za Nzilo na Nseke, zilizojengwa katika miaka ya 1950. Nao mto Lufira, unaokuja kuungana na Lualaba pande hizo hizo za ziwa Kisale, hupita kwanza Mwadingusha, ambako umeme ulianza kutolewa mwaka 1930. Sehemu kubwa ya umeme huo haikukusudiwa kuangaza nyumba za watu wa ziwani. Ilikwenda Likasi, iliyokuwa ikiitwa Jadotville, na Kolwezi, ikapitishwa katika mabirika ya tindikali ya salfa ili shaba, kobalti na zinki zitoke katika maji na kuganda juu ya mabamba. Vijana wa Lomami walioajiriwa na kampuni ya migodi ya Union Minière, waliofika huko kwa reli iliyofikishwa Bukama mwaka 1918, walikuta kumbi ndefu zenye ukungu wa tindikali unaokereketa koo, na viputo vinavyochemka pasipo moto. Baadhi ya viputo hivyo vilikuwa vya oksijeni, navyo vilitarajiwa. Vingine vilikuwa vya haidrojeni, na hivyo ndivyo vilivyowakosesha usingizi wakuu wa viwanda.

Mas'ala yenyewe ni haya: yawezekanaje kitu kigeni kilichomo ndani ya maji kwa kiasi kidogo mno, kisichoonekana wala kuonjeka, kuizuia haidrojeni isitoke katika metali moja, kuifungulia njia katika metali ya pili, na katika metali ya tatu kuigeuza iingie ndani badala ya kwenda zake hewani? Vitabu vya kemia aghalabu huyaeleza mambo haya matatu katika milango mitatu iliyo mbalimbali, kana kwamba hayana nasaba. La kwanza hupewa wenye kutengeneza haidrojeni, la pili wayeyushaji wa zinki, na la tatu wahandisi wa mabomba. Kwa rai yangu ni jambo moja, na atakayelitazama kwa kuhesabu viputo peke yake hatalifahamu daima. Sharti aulize haidrojeni iliyozaliwa juu ya metali imekwenda wapi.

Tuanze na uso wa metali. Tufananishe na gati la Kinkondja siku ya soko: ayoni ya haidrojeni ni abiria anayeletwa na maji, naye hawezi kushuka ila apate ubao wa kukanyaga. Ashukapo hupokea elektroni kutoka kwa metali, akawa chembe ya haidrojeni iliyoshikamana na uso. Hiyo ni hatua ya kwanza, nayo hunasibishwa na mwanakemia Max Volmer. Kutoka hapo njia ni mbili: ama chembe mbili zilizokaribiana huungana zikaondoka pamoja zikiwa gesi, ama chembe moja iliyokwisha kushuka hujiwa na ayoni nyingine iliyo bado majini, wakapokea elektroni wakaondoka. Njia ile hunasibishwa na Julius Tafel, na hii na Jaroslav Heyrovský. Lakini kuna mlango wa nyuma, usiotajwa sana katika mafunzo ya mwanzo: chembe moja moja, kwa kuwa ni ndogo mno, huweza kupenya baina ya chembe za metali na kuzama ndani.

Mwaka 1905 Tafel alionyesha kwamba ili mkondo wa umeme uongezwe, hapana budi kuongeza msukumo juu ya ule unaotakiwa na kanuni ya asili, na kwamba uhusiano wao hauendi kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha. Katika metali nyingi, kila mkondo unapotakiwa uwe mara kumi ya ulivyokuwa, msukumo wa ziada hupanda kwa volti 0.12 hivi. Metali hazilingani kabisa katika jambo hili. Juu ya platini haidrojeni hutoka kwa wepesi wa ajabu. Juu ya risasi na zebaki ni kazi nzito, na ukilinganisha kasi zao za asili, kabla ya msukumo wowote, platini huishinda zebaki kwa takriban mara bilioni moja. Sababu ya tofauti hiyo ilifafanuliwa na Roger Parsons mwaka 1958, na baadaye Sergio Trasatti akaichora kwa vipimo vya metali nyingi mwaka 1972: metali inayoishika haidrojeni kwa ulegevu mno haiwezi kuishusha, na inayoishika kwa nguvu mno haiwezi kuiachilia, na platini iko karibu na wastani.

Metali inayoirahisisha kazi hiyo huitwa kichocheo, na sumu yake katika maana iliyo wazi ni kitu kinachokalia nafasi. Salfa, monoksidi ya kaboni, sianidi, zebaki na risasi vyote hujishikiza juu ya platini kwa nguvu kuliko haidrojeni, na mahali vilipokaa haidrojeni haishuki tena. Ili mtu afahamu kwa nini kiasi kidogo chatosha, na apige hesabu hii: sentimita mraba moja ya platini ina nafasi zipatazo trilioni 1,500, nazo zaonekana kuwa nyingi, lakini mikrogramu moja tu ya risasi ina chembe karibu trilioni 3,000, yaani zinazotosha kuifunika sentimita mraba hiyo yote na kubaki na akiba. Maji ya mfereji yaliyopita katika bomba la zamani huweza kuwa na zaidi ya hayo katika kila lita. Ndiyo maana mtaalamu wa umeme na kemia huanza siku yake kwa kuosha vyombo, na ndiyo maana mashine za kisasa za kuvunja maji kwa umeme hutaka maji yaliyosafishwa kuliko yale ya dawa. Nikeli, inayotumika katika mashine za magadi, nayo ina maradhi yake, kwani chuma kinachotoka katika mabomba na matangi huganda juu yake taratibu, na zebaki huiua kabisa. Kiwanda cha Sable huko Kwekwe, Zimbabwe, kilichotengeneza mbolea kwa haidrojeni itokanayo na umeme hadi mwaka 2015, na mipango mikubwa ya Oman chini ya shirika la Hydrom lililoundwa mwaka 2022, vyote vimekuwa chini ya amri hiyo: anayetaka haidrojeni hana budi kuihofu sumu.

Lakini Katanga haikutaka haidrojeni. Katanga ilitaka zinki, na hapa mizani hugeuka juu chini.

Kwa mujibu wa kanuni za asili, zinki haikustahili kupatikana kwa umeme katika maji ya tindikali hata kidogo. Ili ayoni ya zinki iwe metali hutakiwa volti 0.76 chini ya haidrojeni, basi mtu angetazamia kwamba haidrojeni itatoka yote kwanza na zinki kubaki majini milele. Kinachoiokoa kazi hii ni kwamba zinki ni metali mbovu sana ya kutolea haidrojeni. Kwa mkondo unaotumika viwandani, ampea 400 hadi 600 kwa kila mita mraba, haidrojeni ingehitaji msukumo wa ziada unaopita volti 1, na kabla haujafika huko zinki imekwisha kuganda juu ya bamba la alumini. Kiwanda kizima, pamoja na umeme wake upatao kilowati-saa 3,000 na zaidi kwa kila tani, kimesimama juu ya uvivu huo. Basi adui wa zinki si kitu kinachokalia nafasi. Adui ni kitu kinachokuja kuganda juu ya zinki na kumpa abiria ubao bora wa kushukia.

Na madini ya Kipushi, yaliyokuwa yakilisha kiwanda cha zinki cha Métalkat pale Kolwezi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, yalikuja na maadui wote. Mgodi huo, uliojulikana kwa jina la Prince Léopold, ulianza kuchimbwa katika miaka ya 1920, na mwamba wake una shaba, zinki, risasi, kadmi, arseniki, na juu ya yote gerimani, elementi iliyogunduliwa na Clemens Winkler mwaka 1886 na ambayo haionekani kwa wingi ila katika migodi michache ya dunia. Renierite, jiwe lenye rangi ya shaba iliyochujuka, lenye gerimani ndani yake, lilifafanuliwa kutoka Kipushi mwaka 1948. Briartite lilifuata mwaka 1965. Ilikuwa zama za transista za kwanza, nazo zilitengenezwa kwa gerimani, kwa hiyo kitu kile kile kilichotafutwa na mafundi wa redio kama lulu, katika birika la zinki kilikuwa balaa.

Inafaa tuitazame balaa hiyo kwa karibu. Bamba la alumini hutumbukizwa asubuhi katika maji yenye zinki na tindikali, na kwa saa kadhaa za mwanzo hapana dalili yoyote: zinki huganda laini, rangi ya kijivu yenye mng'ao, na mkondo hufanya kazi yake kama ilivyoandikwa. Kisha, kama gerimani imezidi, huzuka vitundu vidogo mfano wa ncha ya sindano, navyo hupanuka vikawa mashimo ya duara; viputo huanza kutoka kwa mlio wa kuungua mafuta; na zinki iliyokwisha kugandishwa kwa gharama ya umeme hurudi tena majini. Mtu aliyepima saa ya tatu angalisema maji ni safi, na aliyepima saa ya ishirini angaliapa kwamba yameharibika ghafula. Ajabu hii ya kungoja ina sababu. Gerimani haikai juu ya zinki kama mgeni aliyetulia. Huungana na haidrojeni ikawa gesi, gesi hiyo huvunjika ikirudisha gerimani majini, na gerimani ikaganda tena mahali pengine, hivi kwamba chembe moja hufanya madhara mara nyingi. Antimoni na arseniki huenda njia hiyo hiyo. Gesi ya arseniki, ambayo James Marsh aliifanya kipimo cha kuwafichua wauaji mwaka 1836 kwa kutumia zinki na tindikali tu, ndiyo hiyo hiyo iliyoweza kumdhuru fundi wa kiwanda cha zinki asiye na hadhari. Tena maovu haya husaidiana: kobalti kidogo iliyo peke yake huvumilika, lakini kobalti na gerimani, au kobalti na antimoni, zikikutana madhara yake hupita jumla ya madhara ya kila moja.

Kiasi kinachosamehewa cha gerimani ni chini ya sehemu moja ya kumi ya miligramu katika lita, ilhali zinki yenyewe iko gramu 50 au 60 katika lita hiyo hiyo. Ili kufika huko, maji hupitishwa kwanza mahali ambapo chuma huchujwa: tindikali hupunguzwa, chuma kikageuka tope jekundu, na tope hilo likishuka hubeba gerimani, arseniki na antimoni pamoja nalo. Baadaye hutiwa vumbi la zinki, ambalo huyeyuka na kuziacha shaba na kadmi zigande mahali pake. Kobalti ni mkaidi, haikubali kutoka mpaka vumbi lichochewe kwa chumvi za arseniki au antimoni katika maji ya moto. Kwa hiyo fundi wa Kolwezi, aliyeishi katikati ya nchi yenye kobalti kuliko nchi zote, alilazimika kutia sumu moja ili kutoa nyingine na kisha kuhakikisha kwamba ile ya kwanza haikubaki. Hata gundi ya mifupa ilitiwa kwa makusudi katika mabirika, maana nayo hujishikiza juu ya zinki, huinyima haidrojeni nafasi, na huifanya zinki igande sawasawa. Gundi hiyo ni sumu ya kichocheo kwa kila kipimo cha kitaalamu, wala hakuna mtu wa kiwandani aliyeichukulia kuwa ni aibu.

Shaba, iliyoanza kutolewa kwa umeme katika kiwanda cha Shituru, Likasi, mwaka 1929, haina habari na haya yote, kwani hupatikana kwa wepesi kuliko haidrojeni, na kwa sababu hiyo nitaipita. Kobalti ndiyo iliyo na kisa cha tatu. Iko baina: volti 0.28 tu chini ya haidrojeni, lakini haidrojeni hutoka juu yake kwa urahisi zaidi kuliko juu ya zinki, na hivyo tindikali ikiachwa iongezeke kobalti hushindwa. Katika Shituru, na baadaye Luilu iliyofunguliwa mwaka 1960 karibu na Kolwezi, jawabu lilikuwa kuacha tope la hidroksidi ya kobalti lielee katika birika, ili kila tindikali inayozaliwa imezwe papo hapo. Walakini haidrojeni haikukubali kushindwa yote. Sehemu yake ilipita mlango wa nyuma na kujificha ndani ya kobalti, na ndiyo maana kobalti ya Luilu, baada ya kubanduliwa, ilitiwa katika tanuri lililonyonywa hewa, ili kuifukuza gesi ambayo hakuna aliyeiona ikiingia.

Hapa ndipo sumu huonyesha hila yake kubwa. Tuseme uso wa feleji umo katika maji yenye salfa au arseniki. Sumu hizo haziizuii sana ayoni kushuka. Zinachozuia zaidi ni kuungana kwa chembe mbili ili ziondoke. Viputo hupungua, na mtazamaji asiye mjuzi hudhani kwamba kutu imepungua na metali imesalimika, kumbe chembe zimebanana juu ya uso na, kwa kuwa hazina njia ya kwenda juu, huzama. Feleji iliyoshiba haidrojeni hupasuka pasipo onyo, tena chini ya uzito ambao ingeubeba siku zote. Mwaka 2013 katika mradi wa mafuta wa Kashagan, Kazakhstan, mabomba yaliyobeba gesi yenye salfidi ya haidrojeni yalipasuka wiki chache tu baada ya kuanza kazi, na uzalishaji haukurudi mpaka mwaka 2016, baada ya kutandikwa mabomba mapya. Kipimo kizuri cha jambo hili kilibuniwa na M. A. V. Devanathan, mtaalamu wa Ceylon, pamoja na Z. Stachurski, mwaka 1962: karatasi nyembamba ya metali huwekwa baina ya mabirika mawili, haidrojeni huzalishwa upande mmoja, na ile iliyopenya huhesabiwa upande wa pili kwa mkondo wake wa umeme. Kwa mtazamo wangu chombo hicho kilifanya zaidi kuutenganisha ukweli na dhana katika elimu hii kuliko nadharia nyingi zilizokitangulia, kwa kuwa kiliacha kuuliza tu ni gesi kiasi gani imetoka.

Asidhani msomaji wa Kinkondja kwamba mambo haya yako kiwandani tu. Betri ya asidi inayochaji simu kwa nguvu za jua imesimama juu ya uvivu wa risasi kama birika la zinki lilivyosimama juu ya uvivu wa zinki. Bamba lake hasi lingetoa haidrojeni usiku na mchana na kujimaliza, lau si kwamba risasi huikatalia. Betri za mtindo wa zamani zilitiwa antimoni katika kimiani cha bamba chanya ili kiwe kigumu. Antimoni hiyo huyeyuka kidogo kidogo, huvuka maji, huganda juu ya bamba hasi, na tangu siku hiyo betri hunywa maji zaidi na kushika chaji kidogo. Ndiyo sababu watengenezaji wengi walihamia kalisi. Ama yule anayeijaza betri kwa maji ya ziwa, kwa kuwa ni meupe na hayana gharama, hutia humo chuma na vinginevyo ambavyo risasi haikuvizoea, kisha humlaumu muuzaji. Betri ndogo za tochi na redio nazo zilikuwa na zebaki juu ya zinki yao kwa sababu hiyo hiyo ya kuinyamazisha haidrojeni, mpaka zebaki ilipoondolewa katika nchi nyingi mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa hofu ya afya, na mahali pake pakachukuliwa na zinki iliyosafishwa sana na kuchanganywa na indi au bismuthi. Aliye na betri iliyovimba au kuvuja katika sanduku la redio ameona haidrojeni iliyokosa njia ya kutokea.

Salfa yenyewe, mshitakiwa mkuu wa platini na feleji, imepata utetezi usiotarajiwa. Mwaka 2005 wataalamu walihesabu, na mwaka 2007 wengine wakathibitisha kwa kupima, kwamba molibdeni iliyounganishwa na salfa hutoa haidrojeni vizuri sana, lakini katika kingo za vipande vyake tu, si katika uso wake tambarare. Pale ukingoni salfa huishika haidrojeni kwa wastani ule ule uliowekwa na Parsons. Hivyo hatuwezi kusema kwamba elementi fulani ni sumu kwa tabia yake. Tunaweza kusema tu imekaa juu ya nini, na imefunga hatua ipi.

Kipushi ilisimamishwa mwaka 1993, na zinki ya Kolwezi ikanyamaza nayo. Mgodi ulifunguliwa tena mwaka 2024, na madini yake yaliyochekechwa sasa huuzwa nje, yakipelekwa kuyeyushwa na wengine. Kadhalika mwaka huo huo Gécamines, shirika la madini la serikali, ilianza kupeleka gerimani Ubelgiji kutoka katika lundo kubwa la mavi ya tanuri lililosimama Lubumbashi, ambako sehemu ya gerimani ya Kipushi ilikuwa imetupwa pamoja na mabaki ya shaba iliyoyeyushwa. Wapo wanaotaka zinki iyeyushwe tena nchini, na mjadala wao aghalabu huwa juu ya umeme: bwawa la Inga litatoa kiasi gani, Nseke itatoa kiasi gani. Umeme ni wajibu, lakini wa kwanza kuulizwa awe yule atakayesimamia tope la chuma, kwa sababu yeye ndiye ataamua kama umeme huo utakuwa zinki au viputo, na kwa kuwa gerimani atakayoikamata katika tope hilo siku hizi ina wanunuzi wengi, huenda ikamlipa gharama ya kuikamata.